Simu Isiyoshikwa Mkononi

Dereva aliyechomeka hedifoni sikioni na kushika usukani kwa mikono miwili huamini kwamba amekwishatimiza yote ambayo sheria na busara zinamdai. Simu haiko mkononi, macho yako mbele, gia inaingia kama kawaida, na trafiki aliyesimama kwenye kona hana la kumwambia. Imani hiyo haikuzuka hewani. Jimbo la New York lilipokuwa la kwanza nchini Marekani kupiga marufuku simu kwa madereva wote, mwaka 2001, lilikataza simu inayoshikwa na kuiacha ile isiyoshikwa. Uingereza ilifuata Desemba 2003 kwa mtindo uleule. Tangu hapo dashibodi zimejaa spika na maikrofoni, usukani umeota vitufe vya kupokelea simu, na vyote hivyo huuzwa kama vifaa vya usalama. Hadi sasa hakuna jimbo la Marekani linalomkataza kila dereva kuzungumza kwa simu asiyoishika. Mfumo mzima, wa sheria na wa biashara, umejengwa juu ya dhana kwamba hatari ya simu barabarani imo mkononi. Utafiti wa mwanasaikolojia David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah, unaoendelea kwa zaidi ya miaka 20, unasema haimo humo. Ukikubaliwa, basi sehemu kubwa ya juhudi zetu inapigwa mahali ambapo adui hayupo.

Strayer si mhandisi wa barabara wala si polisi. Fani yake ni umakini, yaani namna akili inavyochagua jambo moja la kulishughulikia na kuyaacha mengine yapite. Kabla ya kuwa profesa alifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu, na amewahi kuwasimulia waandishi wa habari kwamba alipohoji, miaka ya 1990 ikianza, kama simu ya garini ingemvuruga dereva, mkubwa wake alimuuliza kwa nini kampuni itake kulijua jambo hilo. Alipohamia chuoni akalitafutia jibu. Jaribio lake la 2001, alilolifanya na William Johnston, lilikuwa jepesi kiasi cha kuchekesha: mshiriki anafuatilia kwa kijiti alama inayohamahama kwenye skrini, na kila taa nyekundu inapowaka anabonyeza kitufe cha breki. Waliokuwa wakizungumza kwa simu walikosa kuziona taa mara mbili zaidi ya kawaida yao, na hata walizoziona walizijibu kwa kuchelewa. Waliokuwa wakisikiliza redio, au kitabu kilichorekodiwa, hawakupungukiwa na kitu. Na kati ya walioshika simu na wasioishika haikuonekana tofauti yoyote.

Matokeo hayo yalishangaza watu wengi, ingawa hayakupaswa. Mwaka 1969, wakati simu ya garini ilikuwa anasa ya wachache mno, Mwingereza Ivan Brown na wenzake waliwapa madereva kazi ya kupita kwenye nafasi za upana tofauti, nyingine finyu kuliko gari lenyewe, huku wakisikiliza sentensi kwa simu na kujibu kama ni za kweli au si za kweli. Mikono na miguu yao iliendelea kufanya kazi kwa ustadi uleule, au karibu nao. Kilichoharibika ni uamuzi: walishindwa kupima kama gari litapita au halitapita. Msomaji anayesafiri kwa barabara zetu kuu za njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, hahitaji kuelezwa jaribio hilo linahusu nini. Kuovateki lori la mizigo kwenye mlima ni kupima nafasi, hakuna zaidi. Mguu wa dereva mzoefu hautakosea kanyagio la mafuta, na mkono wake hautayumba. Kinachoweza kukosea ni ile hesabu ya nusu sekunde inayosema nafasi ipo.

Methali inayosema mshika mawili moja humponyoka imekuwa ikitufundisha kwa mfano wa mkono, na huenda ndiyo maana tunashawishika upesi kwamba mkono ukiwa huru hakuna kitakachoponyoka. Mwaka 2003 Strayer, Johnston na Frank Drews waliwavalisha madereva kifaa kinachofuatilia mboni za macho, wakawaweka ndani ya kibanda chenye usukani, pedeli na skrini, kile ambacho wataalamu hukiita simuleta. Kando ya barabara ya bandia waliweka mabango. Baadaye waliwauliza ni mabango yapi waliyaona. Waliokuwa kwenye simu walikumbuka machache zaidi kwa mbali, na jambo la kutafakari ni kwamba walikosa hata yale ambayo kifaa kilithibitisha kuwa macho yao yalitua juu yake. Jicho lilifika, akili haikufika. Miaka michache baadaye waliweka vipokezi kwenye ngozi ya kichwa na kupima wimbi la umeme ambalo ubongo hulitoa, karibu theluthi ya sekunde baada ya kuona jambo lenye maana, kwa mfano taa za breki za gari lililo mbele. Dereva alipokuwa akizungumza kwa simu isiyoshikwa, wimbi hilo lilipungua kwa nusu. Mtu anaweza kubisha kwamba kusahau bango si kutoliona. Pengine aliliona akalipuuza. Wimbi la ubongo linaufunga mlango huo. Taa nyekundu ya breki haikusahauliwa baadaye, bali ilipokewa nusu tangu mwanzo.

Jaribio lililompa Strayer umaarufu, na maadui, ni la pombe. Yeye, Drews na mtafiti wa tatu waliwachukua watu 40 na kuwaendesha kwenye simuleta kwa hali nne: wakiwa hawana kitu, wakiwa na simu mkononi, wakiwa na simu isiyoshikwa, na wakiwa wamekunywa vodka iliyochanganywa na maji ya machungwa mpaka kiwango cha kilevi katika damu kikafika asilimia 0.08, kiwango ambacho sehemu kubwa ya Marekani humhesabu dereva kuwa mlevi. Kazi yao ilikuwa kulifuata gari la mbele ambalo lilikuwa likipunguza mwendo mara kwa mara. Katika ripoti ya 2006 walieleza kwamba wenye simu walichelewa kukanyaga breki kwa asilimia 9, umbali wao na gari la mbele uliyumba kwa asilimia 24 zaidi, na walichukua muda mrefu kwa asilimia 19 kurudia mwendo wao baada ya breki. Walevi walikuwa na tabia nyingine kabisa: walisogelea mno gari la mbele na kukanyaga breki kwa nguvu. Washiriki watatu waliligonga gari la mbele kwa nyuma. Wote watatu walikuwa wakizungumza kwa simu. Hakuna mlevi aliyegonga.

Vyombo vya habari vilikimbia na habari hiyo kama ilivyotarajiwa: simu ni sawa na pombe, au mbaya kuliko pombe. Hapo ni lazima kumtetea mtafiti dhidi ya wanaomshangilia. Watu wake walikunywa wakiwa wamelala vizuri, chini ya usimamizi, kiwango kilichopimwa. Mlevi wa kweli huendesha usiku wa manane akiwa amechoka, mara nyingi akiwa amepita kiwango hicho kwa mbali, na athari ya chupa haikatiki kwa kubonyeza kitufe chekundu. Jaribio halikusema pombe ni salama kuliko simu. Lilichosema ni kwamba makosa ya aina mbili tofauti yanaweza kufika kwenye uzito unaolingana: mmoja anaendesha kwa ukali, mwingine kwa kuchelewa. Na lilisema jingine ambalo halikupata vichwa vya habari, kwamba mlevi hujulikana. Ananuka, macho yamemlegea, abiria wanaanza kunong'onezana, konda naye anajua. Mwenye hedifoni anaonekana mtulivu kuliko sote.

Anaonekana mtulivu hata kwake mwenyewe, na hapa ndipo utafiti huu wote unapogeuka kutoka somo la simu na kuwa somo la kujijua. Mtu ambaye akili yake haikuiona taa hana kumbukumbu ya taa aliyoikosa. Hakuna kinachompa taarifa. Mtoto aliyerudi kando kwa hofu, bodaboda aliyekata kona kumkwepa, mama aliyevuta mzigo wake kwa pupa, wote hao hawapo katika historia ya safari yake. Akifika salama, na kwa kawaida atafika, safari hiyo inaingia kwenye hesabu yake kama ushahidi kwamba yeye anaweza. Miaka 10 ya simu bila ajali ni miaka 10 ya kujifunza somo lisilo sahihi. Nyani haoni kundule, na huyu wetu ana sababu ya kimaumbile ya kutoliona.

Takwimu za kujidanganya huko zipo, na ni za muda mrefu. Mwaka 1981 Ola Svenson alichapisha utafiti ambamo asilimia 93 ya Wamarekani aliowauliza walijiweka kwenye nusu bora ya madereva kwa ustadi. Waswidi walikuwa asilimia 69, pengine kwa unyenyekevu wa kwao. Strayer na Jason Watson walipowapima watu 200 mwaka 2010 walikuta kwamba asilimia 2.5, yaani watu 5, waliweza kuendesha na kufanya kazi ngumu ya simu kwa pamoja bila kupungukiwa popote. Watu wa namna hiyo wapo basi, na ni haki kuwataja. Lakini utafiti wa 2013 wa chuo hichohicho, ulioongozwa na David Sanbonmatsu na kuwahusisha wanafunzi 310, uliuliza swali la pili: ni nani hasa wanaofanya mambo mawili kwa pamoja mara nyingi zaidi? Si wale wenye kipaji. Waliokiri kufanya hivyo mara nyingi zaidi ndio waliopata alama za chini katika kipimo cha uwezo huo, na wengi walijiona kuwa juu ya wastani. Anayepiga simu akiwa kwenye usukani hapigi kwa sababu anaweza. Anapiga kwa sababu hawezi kujizuia, kisha anajieleza kwamba anaweza.

Pingamizi la kwanza ambalo kila dereva hulitoa, na ni pingamizi la akili, ni la abiria. Kama mazungumzo ndiyo sumu, basi na tuwakataze watu kupakia wake zao, wajomba zao na jirani anayeomba lifti. Mabasi mengi ya zamani yalibandika onyo kwamba abiria asiongee na dereva, na hakuna aliyelichukulia kwa uzito. Mwaka 2008 Drews, Strayer na Monisha Pasupathi walilijaribu jambo hilo. Dereva aliagizwa aendeshe kilomita 13 hivi kisha achepuke kwenye kituo cha kupumzikia. Njiani alisimuliana habari na rafiki yake. Kwa baadhi rafiki alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kwa wengine alikuwa upande wa pili wa simu. Waliokuwa na rafiki pembeni walichepuka, karibu wote. Waliokuwa na rafiki kwenye simu, nusu yao walikipitiliza kituo. Watafiti waliposikiliza maneno yenyewe waligundua sababu. Aliyeketi pembeni anaona kile anachokiona dereva. Msongamano ukizidi anakatisha hadithi, au anabadilisha mada iwe barabara yenyewe, au anasema kituo ni kile pale. Mtu wa kwenye simu hajui kama gari liko kwenye tambarare tupu au limebanwa kati ya lori na mtaro. Anauliza swali na kusubiri jibu, na adabu ya simu inamtaka dereva ajibu, maana ukimya kwenye simu ni kosa na ukimya garini si kosa.

Ningeongeza kwamba hata ukimya wenyewe haumalizi jambo. Mwaka 2015 Strayer na wenzake, kwa kazi iliyofadhiliwa na taasisi ya usalama barabarani ya chama cha madereva cha Marekani, AAA, walipima mifumo ya magari inayopokea amri kwa sauti, yaani dereva analiambia gari lipige namba fulani. Kwa mifumo mibaya zaidi, akili ya dereva ilichukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu barabarani baada ya amri kumalizika. Fanya hesabu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa: ni mita 600. Dereva amekwishakata simu, na kwa mita 600 bado hajafika ndani ya gari lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na wachambuzi wa usalama barabarani hawapendi kulitaja. Kama simu ina madhara kiasi hicho, ajali zako wapi? Nchini Marekani simu za mkononi ziliongezeka kwa mamilioni tangu miaka ya 1990 bila idadi ya ajali kupanda kwa kasi hiyo. Wachumi Saurabh Bhargava na Vikram Pathania walitumia ujanja mzuri: kampuni za simu zilishusha bei kuanzia saa tatu usiku, simu za madereva zikaongezeka dakika hiyohiyo, nao wakaangalia kama ajali za California za 2002 hadi 2005 ziliongezeka pia. Hazikuongezeka. Tena tafiti zilizoweka kamera ndani ya magari halisi, hasa za taasisi ya usafirishaji ya Virginia Tech, zilikuta hatari kubwa kwa anayeandika meseji, maana dereva wa lori anayeandika alikuwa na uwezekano mara 23 zaidi wa kuingia kwenye tukio la hatari, lakini hazikukuta hatari ya namna hiyo kwa anayezungumza tu bila kushika simu. Upande wa pili kuna utafiti wa Toronto wa 1997, ambamo Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walilinganisha simu za madereva 699 waliopata ajali na simu zao za siku zilizotangulia, wakakuta hatari mara 4.3 zaidi wakati wa maongezi, na simu isiyoshikwa haikuleta nafuu. Utafiti wa Perth, Australia, wa 2005, kwa madereva 456 waliofika hospitali, ulitoa karibu jibu hilohilo.

Mtu mwaminifu hawezi kuuchagua upande mmoja na kuuficha mwingine. Nadhani hata hivyo kwamba pande mbili hizi hazipingani kama zinavyoonekana, kwa kuwa zinapima vitu viwili. Maabara hupima uwezo: kinachobaki akilini simu inapochukua sehemu yake. Takwimu za barabarani hupima tabia: dereva huchagua wakati wa kupiga, hupunguza mwendo, hubaki kwenye njia yake, na usiku wa saa tatu kwenye barabara pana ya California uwezo uliobaki unamtosha. Kamera nayo inaona macho yanaelekea wapi. Haioni kama kuna mtu nyuma ya macho hayo. Kwa hiyo ninakubali kwamba ile namba ya mara nne huenda ni kubwa mno kwa dereva wa barabara tulivu. Siwezi kukubali kwamba inatuhusu kidogo sisi. Barabara ya California imejengwa ili mambo ya ghafla yasitokee: kuna uzio, kuna njia ya juu ya waenda kwa miguu, magari yote yanaelekea upande mmoja. Barabara inayopita katikati ya Kibaha au Mtito Andei ina soko pembeni, wanafunzi wanaovuka, mkokoteni, bodaboda bila taa, mbuzi. Jambo la ghafla pale ndiyo hali ya kawaida. Akili iliyobaki nusu inaweza kutosha kwa Mmarekani wa saa tatu usiku. Kwa dereva wa daladala saa kumi na mbili jioni haitoshi hata ikiwa nzima.

Kutoka hapo linazaliwa pingamizi la tatu, la kwetu. Kwa nini tujadili umakini wakati tuna mabasi yenye matairi yaliyokwisha, madereva waliokesha na barabara zisizo na njia za miguu? Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na ajali ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na mwendo kasi unahusika zaidi ya simu. Ni kweli tupu. Mhandisi anayejenga tuta mbele ya shule anaokoa watoto wengi kuliko mwanasaikolojia yeyote. Lakini umakini haushindani na mwendo, unazidishwa nao. Anayeandika meseji kwa sekunde 4.6, muda ambao kamera za Virginia ziliupima, akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa anapita mita 38 bila kuona. Akiwa kwenye kilomita 90 anapita mita 115. Na barabara mbovu haimpi dereva ruhusa ya kuwa kipofu. Inamnyima.

La riziki ni gumu zaidi, na sioni jawabu safi. Dereva wa teksi ya mtandao hupata kazi kwa simu: programu inamletea mteja, ramani inamwongoza, mteja anapiga kuuliza umefika wapi. Bodaboda aliyebana simu kati ya kofia ngumu na shavu hafanyi hivyo kwa ulimbukeni, anamtafuta abiria kabla mwenzake hajamwahi. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya barabarani za 2016 zimeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa 1973, mwaka uleule ambao mhandisi Martin Cooper alisimama mtaani New York na kupiga simu ya kwanza kabisa kwa kifaa cha mkononi, na hivyo mtu asiilaumu kwa kutoijua simu. Lakini faini, hata ikiwa kali, humkuta yule ambaye simu yake inaonekana. Inampa kila dereva sababu ya kununua hedifoni na kuendelea na maongezi yake kwa amani zaidi kuliko mwanzo. Kamati ya usafiri ya Bunge la Uingereza iliona shida hiyo mwaka 2019 na kuitaka serikali iangalie kukataza hata simu zisizoshikwa. Serikali ilijibu kwa upole kwamba haitafanya hivyo. Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilikuwa imependekeza katazo kama hilo tangu Desemba 2011, na majimbo hayakulifuata. Siwashangai. Askari atathibitishaje kwamba mtu anaongea na simu na haimbi tu?

Kama dereva hawezi kuuona upofu wake, na askari hawezi kuuona pia, basi ulinzi inabidi utoke kwa wengine wawili. Wa kwanza ni anayepiga. Hatari ya mazungumzo inatengenezwa na watu wawili, na mmoja wao ameketi ofisini au nyumbani bila hatari yoyote. Mwajiri anayempigia dereva wa lori kumuuliza mzigo umefika wapi anashiriki katika safari ile, na ni ajabu kwamba si sheria wala desturi inayomhesabu. Neno moja la kuuliza kama mwenzako yuko kwenye usukani lingemrudishia mpigaji yale macho ambayo abiria wa pembeni anayo bure. Makampuni yanaweza kufanya zaidi, kwa kuwa ratiba ya kumpigia dereva iko mikononi mwao, na programu za teksi zinaweza kumnyamazisha mteja gari likiwa kwenye mwendo kwa urahisi uleule zinaotumia kumhesabia nauli.

Wa pili ni abiria, na juu yake kuna ushahidi uliokusanywa hapa kwetu, si Utah. James Habyarimana na William Jack, wachumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walibandika stika ndani ya matatu za masafa marefu nchini Kenya, zaidi ya 1,000, zikimhimiza abiria apaze sauti dereva anapoendesha hovyo. Madereva waliozitunza stika waliingizwa kwenye bahati nasibu, kwa kuwa bila motisha zingebanduliwa kesho yake. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha madai ya bima kwenye matatu zenye stika yakishuka kwa nusu mpaka theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, chini ya jina la Zusha!, lililohusu magari yapatayo 12,000 na kuchapishwa 2015, lilitoa punguzo dogo kuliko hilo lakini la kueleweka, kati ya robo na theluthi. Stika hizo hazikuwa za simu hasa, zilikuwa za uendeshaji mbaya kwa ujumla, na si haki kuzidai zaidi ya zilichothibitisha. Ila zinaafikiana vizuri na rafiki wa kiti cha pembeni wa Utah. Kwenye gari lenye watu 14 kuna jozi 13 za macho ambazo hazina kazi nyingine, na kilichokuwa kikikosekana ni ruhusa ya kusema. Abiria wetu huogopa kuitwa mjuaji, huogopa kuambiwa anunue gari lake. Stika ilimwondolea aibu hiyo kwa kumwonyesha kwamba wenzake nao wameisoma.

Kwa upande wa simu pengine hata stika haihitajiki. Daladala na matatu zina kitu ambacho gari la Mmarekani halina, mtu wa pili wa kazi. Konda anajua mwenye gari ni nani na mke wa dereva ni nani, anajua simu ipi inaweza kusubiri hadi kituo cha mwisho na ipi haiwezi. Anaweza kupokea, akasema suka yuko kwenye usukani, akakata. Nauli yote ya siku inalala mfukoni mwake, na simu ya dereva haizidi thamani hiyo.